Umerara?

Mjukuu wangu Editha,

Marahaba. Hapa Mabawe bibi yako ni mzima na maharage yamekubali. Unauliza kama kampuni iliyokupa kofia ngumu na buti inakujali kweli.

Nilipokuwa kijana nilipasua mbao kiwandani huko Biharamulo. Kila asubuhi msimamizi wetu alituuliza mmoja mmoja, "Umerara?" Tuliicheka hiyo r yake, tukadhani anatusalimia tu. Kaka yangu alipokwenda vitani nilikesha nikimwaza, na kulipokucha nikamjibu msimamizi, "Sikulala." Akaniondoa kwenye msumeno. "Leo utasonga ugari. Vidole vyako navitaka vyote."

Buti uvae, mama. Lakini hapo kazini yupo anayekuuliza kama umelala?

Babu yako, mwenye vidole vyote kumi.