Jina Nililolifuta

Mpwa wangu mpenzi,

Mwili umedhoofika, lakini akili ingalipo. Muuguzi hapa ananinyoa ndevu vizuri kuliko nilivyojinyoa mwenyewe, na supu naimeza.

Unakumbuka makala yetu ya kifaa cha kuwasaidia watoto njiti kupumua? Wewe ulikibuni na kukiunda. Mimi nilipanga majedwali na marejeo kama jarida lilivyotaka. Wakatuagiza tufute majina yetu ili wakaguzi wa makala wasitujue. Ukanitania: "Mjomba, ukiyarudisha, langu usilisahau. Nakujua wewe!"

Makala ilipokubaliwa, nilirudisha langu peke yake, kwa makusudi. Nikakwambia jarida ndilo lililokosea. Ukaniamini, maana mjomba hamdanganyi mtoto wa dada yake. Ukavunjika moyo, ukaacha uhandisi. Miaka kumi na tisa naitwa profesa kwa kazi yako.

Juzi nilimwandikia mhariri ukweli wote. Amesema jina lako litaingizwa ukitia sahihi fomu niliyoiambatanisha hapa. Mimi nimeshatia yangu. Daktari ananihesabia siku, lakini sikuombi uje, wala unijibu. Mjibu mhariri.

Ni mimi, mjomba wako niliyekudhulumu.