Gunia la Bahari

Kindu, Jumanne tarehe 8 Septemba 1981

Kwa dada yangu mkubwa, Bibi Mwavita binti Asumani, Tanga.

Assalamu alaikum, Yaya Mwavita. Baada ya salamu hiyo pokea shikamoo mbili, moja ya leo, nyingine ya Idi iliyopita, ambayo niliiandika moyoni nikasahau kuitia kwenye karatasi. Goti lako laendeleaje? Na shemeji Waziri, amestaafu reli kweli, au bado anaamka alfajiri kuzihesabu treni za wenzake? Wanao wakicheka neno hili la yaya, waambie kwetu Maniema yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja, si mlea watoto, ingawa kwangu wewe ulikuwa yote mawili na hukulipwa.

Sisi huku hatujambo. Wifi yako Sharifa ni mzima, anasema nimeanza kunuka samaki, wala siwezi kubisha. Lakini nakuandikia nikiwa na hofu, na hofu yenyewe ni ya samaki mmoja ambaye bado hajafika.

Mbusa unamkumbuka, yule Mnande wa Butembo mwenye duka kubwa karibu na bandari. Ulipokuja kwenye matanga ya mama alikuwa bado Thaddée, kabla majina ya ubatizo hayajakatazwa. Sasa amejenga hoteli, na kwa kuwa kila hoteli ina bia na kila hoteli ina redio, akatafuta kitu ambacho mwenziwe hana. Huko Bujumbura, kwa mzungu mmoja muuza samaki, akaona sanduku la kioo lenye bahari ndani. Si ziwa, yaya, ni bahari yenyewe, pamoja na mawe yake yenye uhai, ambayo nasikia huko kwenu mnayaita matumbawe. Akalileta kwa ndege. Alipouliza nani mjini anaweza kuitunza bahari, mji mzima ulimjibu kwa kinywa kimoja: Bulaimu.

Sababu unaijua kuliko wote. Sisi Wangwana wa hapa kila mmoja ana babu aliyetoka pwani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona hiyo pwani. Baba naye, aliyeuza chumvi sokoni maisha yake yote, kifua kilipomlaza mwaka 1957 hakutaka dawa wala nyama. Alitaka aonje maji ya bahari ya babu yake. Nikatumwa mimi. Nikarudi na chupa, wewe ukamshikia kikombe, wazee wakapewa tone tone, na tangu siku ile naitwa Bulaimu wa Bahari. Miaka ishirini na minne nimelila jina hilo kama mtu anavyokula urithi. Harusini nawekwa mkeka wa mbele. Kiboko akipindua mtumbwi, naitwa nieleze. Mimi, ambaye maji ya Lualaba yakinifika magotini naanza kusoma shahada.

Basi nikapewa bahari niichunge. Karatasi ya yule mzungu ilisema mambo ambayo Mbusa hakuyapenda. Kwanza maji ya mvua, kisha chumvi maalumu ya kwenye gunia, ikorogwe mpaka kipimo cha kioo kielee kwenye mstari wake, halafu mawe, halafu kungoja wiki sita bila samaki hata mmoja. Kila asubuhi Mbusa alikuja akasimama mbele ya kioo, akauliza kama nimemfanya mufugaji wa mawe.

Kisha wakaja samaki wawili, wadogo kama kidole, wa bluu kali, kwa sababu karatasi ilisema hao ndio wagumu wa kufa. Wakaishi. Mbusa akashikwa na tamaa, akaagiza wanne kwa mpigo mmoja. Nikamwambia maji bado machanga, yatachafuka yakizidiwa. Akanijibu kwamba hoteli si zahanati, wageni wanataka kuona kitu. Siku ya pili watatu walikuwa wanaelea ubavu, na maji yamekuwa kama uji. Mbusa alikaa pale, mtu mzima na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, kama amefiwa na shangazi. Toka hapo akaniachia karatasi.

Yule mmoja aliyebaki ana rangi ya chungwa na mistari mitatu myeupe. Wale wa bluu walimfukuza kila shimo alilojaribu kuingia, ungedhani ni wenye mtaa wanaomwonyesha mpangaji mlango. Nikatoa mawe yote, nikayapanga upya, ili kila mmoja aamke mgeni. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Nimewahi kufikiri dawa hiyo ingefaa mahali pengine pia, lakini barua hufunguliwa njiani, tuache hapo.

Baada yake niliongeza mmoja, nikangoja wiki tatu, nikaongeza mwingine. Kila mgeni namwacha aelee ndani ya mfuko wake wa plastiki juu ya maji, namtilia maji ya nyumba yake mpya kikombe kwa kikombe, nasoma Kul-huwallahu moyoni, na umeme ukikatika namimina maji kwa jagi kutoka juu ili wapate hewa, mpaka bega linalia. Wako watano sasa. Wananijua, yaya. Nikija wanakuja kiooni. Sharifa anasema mimi mwenyewe sijawahi kumkimbilia yeye hivyo.

Amebaki mmoja, mkubwa, mwenye mistari ya njano na bluu. Huyo huingia mwisho, maana akitangulia hufanya sanduku zima kuwa lake. Mbusa amempa jina la Mfalme, na nilimsihi asitafute jina la juu zaidi ya hilo, kwa sababu akifa tutaulizwa. Anafika Alhamisi kwa ndege. Saa kumi na moja jioni wakubwa wote wa mji wamealikwa kumwona.

Sasa sikia balaa. Wiki mbili zilizopita lilikuja gunia jipya la chumvi ya bahari. Badala ya kuletwa hotelini, likashushwa kwenye depo ya Mbusa, na muuzaji wake, alipoona limeandikwa chumvi, akalifungua akaiuza sokoni kwa vikombe. Siku tatu nzima Kindu ilikula bahari. Sombe, hicho kisamvu chenu, ikawa chungu nyumba kwa nyumba. Wanaume wakawashuku wake zao, wake wakayashuku maji ya mto, na matumbo ya watu, unisamehe, hayakukaa. Nilipojua, gunia lilikuwa limebaki chini ya robo.

Watu wakaja kwa Mbusa kulalamika, na kati yao Mzee Hamadi, rafiki wa baba na mwenziwe wa biashara ya chumvi, ndiye pekee aliye hai katika wale walioonja ile chupa. Akasema mbele ya wote kwamba maji aliyoyaleta Bulaimu aliyanywa kwa kinywa chake, na chumvi yake ilikuwa safi, ya kupikia kabisa, bila uchungu hata kidogo. Mbusa akajipiga paja. Akasema basi mzungu wa Bujumbura amemwuzia takataka, na samaki wale watatu sasa anajua nani aliwaua. Akasema, “Chumvi njo chumvi. Bahari iko nini? Maji na chumvi, basi!” Akaamuru kwamba Alhamisi, kabla ya ndege, nitoe nusu ya maji ya zamani, nijaze mapya yenye chumvi ya sokoni, sawasawa na bahari ya chupa yangu. Kisha akanigeukia, akaniuliza, “Ao weye unasema nini, muntu wa bahari?”

Nilikohoa.

Yaya, nilikohoa tu kwa sababu hii, na naomba ukae kitako kabla ya kuisoma. Sikufika baharini. Niliishia Kigoma. Pale nilimkuta mtu wa kwetu, akaniambia kifua cha baba kimezidi, na treni ya kwenda pwani ni siku mbili, na kurudi mbili, na kuingoja nani ajuaye ngapi. Nikapiga hesabu, nikaona nitamkuta kaburini. Hiyo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba nauli yenyewe ilikuwa imepungua, kwa sababu Ujiji nilinunua koti la rangi ya majivu, lile ulilolisifu. Kweli zote mbili zilikaa pamoja kwenye benchi la stesheni, na mpaka leo sijui ipi ilinirudisha. Nikachota maji ya ziwa, nikanunua chumvi ya Uvinza sokoni, nikakoroga kwa kijiti. Baba alikunywa, akafumba macho, akasema, “Umefika mbali, mwanangu.” Siku ya tatu tukamzika.

Mwezi wa tatu mwaka huu, maji ya sanduku yalipokuwa tayari, nilichovya kidole nikalamba. Ni machungu, yaya. Yana uchungu nyuma ya chumvi, unakaa kwenye koo. Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu yeyote aliyewahi kuyaonja asingedanganyika na chupa yangu. Na wewe umekaa Tanga miaka ishirini, katika barua zako zote umeniandikia habari za kuku, za shule, za bei ya sukari, hukuniandikia hata mara moja bahari ina ladha gani.

Nikimwambia Mbusa ukweli, nalizika jina langu na la baba pamoja. Nikinyamaza, Alhamisi nitawaua sita kwa mkono wangu. Nimeweka kalamu chini. Naenda.

*

Ni Jumatano asubuhi, naendelea. Jana nilianza kwa Mzee Hamadi, kwa kuwa ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia yote, hata koti. Hakuinua uso. Akasema, “Chumvi ya Uvinza nimeibeba miaka kumi na miwili na baba yako. Unafikiri ulimi wangu uko wa mbao? Nilisema nilichoonja. Sikusema ni bahari. Bahari ni weye uliisema.” Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alinyamaza miaka yote hii. Akaniambia kwamba siku ile, tulipotoka sisi vijana, baba aliwabakiza wazee, akawaambia: “Chumvi ni ya Uvinza, lakini mutoto ni wangu. Amerudi nikiwa na macho. Asiulizwe.” Basi hawakuniuliza. Wakafa mmoja mmoja bila kuniuliza.

Mzee Hamadi akanisogezea ungo, nikachambua maharagwe pamoja naye.

Kisha nikaenda kwa Mbusa. Aliketi juu ya mfuko wa saruji akanisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na hilo liliniogopesha zaidi. Akauliza neno moja tu, kama na kuhusu samaki namdanganya. Nikamwambia hapana, samaki hawamruhusu mtu kusema uongo. Akatikisa kichwa kwa muda. Akasema Bulaimu wa Bahari amekwisha kazi, ila Bulaimu wa samaki aendelee mpaka aone.

Alfajiri ya leo ametangaza kwamba mwenye chumvi chungu nyumbani airudishe, apewe nzuri kwa kipimo kilekile. Sharifa anapita nyumba kwa nyumba na beseni. Lakini habari zimeenea kwamba ile chungu ndiyo bahari yenyewe, na sasa wengine hawataki kuitoa. Bibi mmoja amefunga kijiko chake kwenye kitambaa. Mzee Hamadi ametoa kikombe kimoja, na nimeona kabisa amebakiza cha pili. Inayorudi ina pilipili, ina punje za mchele. Naichekecha. Haijafika robo tatu ya ninachohitaji, na ndege ni kesho.

Yaya, nijibu jambo moja. Ulikuwa umeshika kikombe. Baba alipofumba macho, wewe ulitazama nini, na je, nawe ulijua tangu siku ile?

Msalimie shemeji Waziri, wabusu watoto na wajukuu, wape salamu majirani hata wale usiopatana nao. Sharifa anakusalimia kutoka mlangoni, ameingia sasa hivi na beseni, na nasikia kwa mlio wake kwamba halijajaa. Tuombee.

Mdogo wako asiyeijua bahari,
Bulaimu bin Asumani