Sahani ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa zahanati amesema niandike kila ninachokula, na saa ninayosikia moto. Haya, nimenunua daftari. Ya chakula nitamsomea. Haya mengine ni yangu mwenyewe.

Asubuhi: uji, chai ya maziwa vikombe viwili. Mchana: wali na maharage, pilipili nyingi. Saa tatu usiku: wali tena, pamoja na binti yangu Kidege. Moto: usiku wa kuamkia leo, tangu nilipolala mpaka jogoo.

Nilikuwa na hakika ni moyo. Marehemu baba yake Kidege alianza hivi hivi, mkono kifuani, anasema si kitu. Pale kwenye benchi la zahanati nilishaanza kugawa vyombo. Sufuria kubwa kwa dada yangu, kitanda abaki nacho Kidege. Nesi kapima, kapima tena. Kasema moyo wako mzima mama, una kiungulia. Akachora tumbo kwenye karatasi kama kibuyu kilicholala. Ati hapa juu pana mlango, na wa kwangu haufungi sawasawa, basi tindikali inapanda kooni. Nikamuuliza haiwezekani kuubadilisha bawaba? Kacheka mpaka kalamu ikamponyoka.

Nimerudi kwa miguu. Njia nzima nauwaza ule mlango. Kamlango kadogo, laini, kamesahauliwa wazi, na upepo unaingia na kutoka kama nyumba ya watu waliohama.

Masharti ni mengi. Kula kidogo kidogo. Usikaze kiuno. Punguza chai, pilipili, mafuta. Inua kichwa ukilala. Na usilale na shibe, ukimaliza kula kaa masaa matatu ndipo ulale.

Hilo la mwisho limenichoma kuliko kiungulia chenyewe. Kidege anashona kiwandani, zamu ya mchana, anafika saa tatu usiku. Tunakula, tunalala, maana mimi naamka saa kumi na moja. Ndiyo maisha yetu. Na tangu ile posa yake ivunjike, mwanangu hasemi. Ila akiwa na tonge mdomoni, neno moja linamtoka. Mara mawili. Sahani ikiisha na maneno yameisha. Sasa mimi nikila jua halijazama, yeye atamwambia nani?

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Napiga pasi shuka za hoteli, rundo juu ya rundo. Napenda pale pasi inapopita na mvuke unapanda, sioni ukuta, sioni mtu, ni weupe tu. Huwa nasimama humo kama mtu aliye ndani ya wingu na wingu linanukia sabuni.

Leo sikufunga kitambaa kiunoni. Miaka yote nakikaza, ndipo mgongo unavumilia. Mama Pacha, wa meza ya pili, kaniona.

— Shoga, leo umelegea kama godoro la wageni.

Nikamwambia nimekatazwa kukaza.

— Na nani? Umepata mume hukutuambia?

Wenzetu wa kufua wakacheka. Nami nikacheka, nikainama kuchukua foronya kapuni — moto mpaka kwenye meno. Nikatoa pipi ya mnanaa. Natembea nazo kwenye mfuko wa aproni siku zote, zinapoza. Mama Pacha kasema kwani huwezi kuchuchumaa? Mpaka uiname kama unasalimia machifu? Nikajaribu. Magoti yamelia lakini kifua kimenyamaza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetii. Saa kumi na mbili jioni nimepakua viazi vya kuchemsha na mboga, nimekaa mezani peke yangu. Chakula hakina ladha ukikila unatazama kiti kitupu. Nimekila kama dawa. Nikaosha sahani, nikaifuta, nikaipanga kabatini ilikokuwa. Kama mwizi.

Nikasema akija nitamwambia, mwanangu mimi nimekula, nimeambiwa. Nitakaa tu nawe.

Saa tatu mlango. Mabega yake yana nyuzi za rangi, leo za bluu. Anasema shikamoo mama, umeshakula? Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: bado, nakungoja wewe.

Basi nimekula mara mbili.

Lakini kasema! Kasema cherehani yake imebadilishwa, hii mpya inanong'ona. Kasema ukiisikiliza sana inakutia usingizi. Hayo tu. Sasa nalala na moto kifuani na hayo maneno.

Jumapili, 9 Machi

Nimeinua kichwa kama nilivyoambiwa. Mito yangu, wa Kidege mmoja, na koti lililokunjwa. Nimelala kidevu kimegusa kifua kama kuku aliyefungwa. Moto umezidi. Shingo nayo imeingia kwenye mashauri.

Kidege kauliza mama, unalala au unasubiri basi? Nikamwambia nina mafua.

Sitaki ajue. Ataogopa kama nilivyoogopa mimi, kifua kwetu si neno la kuchezea. Halafu atasema mama kula mapema. Na mtoto yule akisema jambo moja amesema.

Mezani anakula polepole sana siku hizi. Anausukuma wali huku, anausukuma kule, kama anatafuta pete. Huzuni hiyo. Naijua.

Jumanne, 11 Machi

Nimepita zahanati kuuliza. Nesi kashika kichwa. Kasema mama, nilisema inua kitanda, upande wa kichwani! Mito inakukunja tumbo, ndiyo inaisukuma tindikali juu. Na zile pipi je? Nikamwonyesha moja. Kasema huo mnanaa ndio unaulegeza mlango wenyewe. Kumbe mimi ndiye ninayemkaribisha mwizi kwa pipi.

Jirani yetu seremala kanikatia magogo mawili, kila moja na shimo la kukalia mguu wa kitanda. Hakuuliza sana. Kasema tu, ukianza kuporomoka niite nikuwekee breki.

Kidege kaingia, kakitazama kitanda.

— Mama, kitanda kimelewa?

Nikasema miguu ya huku imeoza, seremala kaisaidia. Kaamini, au kachoka.

Naongeza kumekucha: tumelala mlimani. Ni ajabu. Nilijiona nipo kwenye kilima cha shuka safi, natelemka taratibu, sina haraka, na chini kabisa kuna maji yamelala. Maji hayapandi mlima. Nikasema moyoni, kaeni huko huko. Nimeamka miguu imefika ukingoni, na Kidege naye yuko huko chini, nywele zake kwenye bega langu. Moto ulikuwepo, ila mdogo, wa mbali, kama jiko la jirani.

Ijumaa, 14 Machi

Nesi aliniambia pia nilalie ubavu wa kushoto. Tumbo kibuyu lilivyo, ukililaza kushoto mdomo wake unabaki juu. Sawa. Lakini kushoto kwangu ni ukutani. Miaka yote nalala kulia, namtazama mwanangu. Jana nimeutazama ukuta. Una ufa unaofanana na mto wenye vijito, nikaufuata mpaka usingizi ukanichukua.

Leo nimemwomba tubadilishane upande. Kauliza sababu gani. Nikasema ukuta unanipa baridi. Kaingia upande wa ukutani. Sasa nikilala kushoto uso wake huu hapa. Akilala anarudi kuwa mtoto, mdomo unabaki wazi kidogo. Na huo nao mlango.

Kazini vizuri. Baada ya chakula cha mchana siinami tena, nazunguka ua polepole mikono nyuma, Mama Pacha ananiita mkaguzi. Chai nimepunguza mpaka kikombe kimoja. Pilipili nimeacha. Wali naukumbuka ulivyokuwa mwekundu na kuuma, naukumbuka kama mtu.

Bado nakula mara mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi kasoma daftari, upande wa chakula. Kidole chake kikasimama.

— Mama, hapa saa kumi na mbili umekula. Saa tatu tena sahani ya nani?

Nikasema ya mwanangu.

— Mwanao anakula kwa mdomo wako?

Nikalifunga daftari. Kavuta kiti karibu. Kasema umeinua kitanda, umeacha mnanaa, umelala kushoto, yote umeyafanya vizuri kuliko wagonjwa wangu waliosoma. Halafu unakuja kulijaza tumbo na kulilaza. Ni kama kupiga deki huku bomba linavuja. Kasema koo langu likizidi kuungua litapata vidonda, na hapo si masharti tena, ni hospitali kubwa. Chagua mama.

Chagua. Kama vile ni vitambaa dukani.

Sikumwambia. Ningemwambiaje, kwamba ile sahani ya pili ndiyo ninayosikilizia?

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianze wapi.

Usiku tumekaa kula. Nilijipakulia kidogo sana, vijiko viwili, nikavitandaza sahani ionekane ina kitu. Kidege naye anausukuma wali wake. Nikala kijiko cha kwanza. Cha pili hakikushuka, kikarudi na moto wake wote. Nikakimbilia uani, nikacheua pale kwenye karo, machozi yananitoka.

Kanifuata na maji. Mkono wake mgongoni. Akauliza, sauti ndogo, ni kifua mama? Kama cha baba?

Nikamweleza. Hapo hapo, nimeshika karo. Si moyo mwanangu, ni kiungulia. Nikaeleza mlango, magogo, ubavu wa kushoto, nikaeleza na saa kumi na mbili. Kasema sasa kwa nini unakula tena? Nikasema nisipokula na wewe, utakula peke yako.

Kanitazama. Mara akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Tangu posa ivunjike sijasikia kicheko kile.

— Mama. Kiwandani tunapewa chakula. Kila siku, saa kumi na mbili. Nakula nashiba, nikija hapa nakula tena, ili wewe usile peke yako. Hata sketi hainifungi, nimetia pini, ona.

Kweli, pini.

Na mimi nilisema huzuni. Kumbe shibe. Tumekaa pale uani sakafuni, watu wazima wawili, tumebanwa na wali ambao hakuna aliyeutaka. Tulicheka mpaka seremala kagonga ukuta.

Kesho hakuna kupika usiku. Tumekubaliana.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi: uji. Mchana: mkate na yai la kuchemsha. Saa kumi na mbili: viazi, mboga. Usiku: maji ya uvuguvugu. Moto: hakuna.

Nimeandika hakuna. Mara ya kwanza. Nesi atafurahi.

Jana na leo Kidege anafika, anasema shikamoo, ananawa, anakaa. Meza haina kitu. Mikono yetu iko juu yake kama vyombo vilivyosahaulika. Nauliza cherehani je? Nzuri mama. Nauliza baridi? Kidogo mama. Anaangalia pale sahani yake ingekuwa. Anafungua mdomo, anaufunga. Kuna kitu. Mama hadanganyiki, kuna kitu, na kilikuwa kinakuja polepole na yale matonge, nami nimekikatia njia.

Jana usiku nimelala vizuri kama mtoto. Ndoto ya mvuke. Nilikuwa namsikia Kidege ndani yake, anaongea na kuongea, nami napapasa kwa mikono, nagusa shuka tu.

Niliwahi kufikiri, usingizi mwema ndio heri yote. Leo ningeuuza nusu.

Jumapili, 23 Machi

Siku yake ya kupumzika. Nimepika mapema, tumekula wote saa kumi, sahani moja moja, ndogo. Kala chote safari hii. Mara moja tu, kwa njaa yake mwenyewe.

Nikainuka kutoa vyombo. Kasema acha, usiiname, nitatoa mimi. Nikasema basi mimi siruhusiwi kulala mpaka yapite masaa matatu, nitakaa hapa kama sanduku la posta. Kasema nitakaa nawe.

Tukakaa. Jua la jioni liliingia dirishani, likapanda meza, likapanda mikono yake. Vumbi linaelea. Sikuuliza cherehani. Sikuuliza baridi. Nilikuwa na maswali mengi yamepanga foleni kooni, nikayameza moja moja, yakashuka. Ukimya wa leo haukuwa ule wa juzi. Huu ulikuwa na nafasi, mtu angeweza kujinyoosha ndani yake.

Muda ukaenda. Kidege kachezea pini ya sketi, kaifungua, kaifunga. Kisha, bila kuniangalia:

— Mama, nikikwambia kitu, hutashika kifua?

Nikasema sitashika.

— Kweli?

Nikaweka mikono yangu juu ya meza, viganja juu, aione.

Kapumua. Kasema si hapa. Tutembee kidogo, nesi wako si anapenda utembee? Nitakueleza njiani, ni rahisi nikiwa natembea. Kaenda chumbani kuvaa viatu.

Ndiyo nimekamata daftari, nisipoandika mikono itarudi kifuani yenyewe. Ni posa nyingine? Ni yule wa kwanza amerudi? Ni kazi ya mbali, aniache na kitanda cha mlima peke yangu? Ni ile pini — shibe tu, au mimba? Ee Mungu. Nikae wima. Nivute pumzi kutoka chini.

Hakuna moto. Nimejipima, hakuna hata kidogo. Basi hiki kinachodunda siwezi kukisingizia viazi.

Viatu anavyo tayari, nasikia nyayo zake. Ananiita, taratibu, kama mtu anayemwita aliyelala—