Ufuta wa Mbwa wa Mwalimu Imrani

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Ukishindwa, basi neno hata moja lisitoke mdomoni mwako. Nakusihi.

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mama Kornelia, bosi wangu, amenikabidhi Ruangwa. Nikachangishe! Mimi, karani wa kuchapa barua za chama cha wasioona hapa Nachingwea. Ni mchango wa kumfundisha mbwa wa kuongoza. Wa kwanza atakuwa wa Mwalimu Imrani wa Nkowe, aliyenifundisha darasa la sita kabla macho yake hayajazima. Mwaka jana alitumbukia kwenye shimo la choo, akavunjika bega. Mchango usipotimia mwezi huu, nafasi anapewa mwingine.

Jumatano, 4 Juni
Mandawa. Watu walikuwa wanapepeta ufuta. Bibi Mwamina akauliza, mwalimu mnamsaidia vipi? Wametoka tu kuswali adhuhuri, na mbwa ni najisi. Nikasema atapata msaada wa kutembea. "Mbwa" sikutamka. Kwenye fomu ya mchango pia sikuandika.
Bibi akajaza kisado. "Kama mnamtafutia mke, awe na miguu imara, mwalimu hatulii huyo!" Wakacheka. Nami nikacheka. Wakatoa ufuta, magunia kwa magunia.

Jumanne, 10 Juni
Nimekwisha.
Ndalahwa, mfugaji aliyehamia Nkowe na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, nilimwambia ukweli wote. Kwake mbwa wamelala mlangoni, nikapata ujasiri. Leo kaleta mchango wake sokoni, anapaza sauti: "Karani! Mbuzi wa mbwa wako huyu hapa!"
Na watu wa Mandawa wapo!
Kijana mmoja: "Kumbe ufuta wetu anakula mbwa, dada?" Bibi Mwamina alinitazama tu. Nikapanda bodaboda bila kuaga.

Alhamisi, 12 Juni
Shehe Adinani wa Mandawa amenipigia. Nilitegemea matusi. Bora angenitukana. Anasema mbwa wa kazi anaruhusiwa, na angewaeleza watu yeye mwenyewe – alale uani, vyombo vyake viwe mbali, basi. "Lakini umewaficha, binti yangu. Sasa niwaambie nini?"
Kesho baada ya swala wanakuja ofisini kuchukua ufuta wao. Wote.
Kumbe wangekubali! Neno moja tu!
Mwalimu kapiga mara sita. Sikupokea.

Ijumaa, 13 Juni
Mnero, kwa dada yangu Hajra. Nimetoroka. Simu nimezima. Saa hizi wanabeba magunia, na Mama Kornelia yuko peke yake nao.
Mwalimu kampigia Hajra. Hataki maelezo. Anataka tuongozane Mandawa, mimi nikaseme, yeye asimame pembeni yangu. Kesho anakuja kunichukua. Peke yake, na fimbo! Hajra kesho yuko mnadani. Niwashe simu nimwelekeze, au nikamngoje zahanati mbele za watu? Siwezi. Kurasa nyingine hapana, lakini haya maelekezo ya chini Hajra atamsomea kwa simu yake:

Mwalimu, shuka zahanati. Mashine ya kusaga iwe kushoto kwako. Tembea mpaka miguu isikie mchanga. Mbele utasikia cherehani – nitakuwa naizungusha mimi. Usiifuate! Katikati yetu wamechimba shimo la udongo wa tofali, halina ukingo. Ukiisikia tu, simama. Usiongeze hatua hata moja. Niite kwa jina, Sabaha, kwa nguvu, nije nikushike mkono, hata watu wakisikia.