Hakuna Nilufa Hapa

Jashore, 6 Januari 2000

Kwa Bubu, dada yangu mkubwa,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, ila mabega yananiuma kwa mikanda ya kiti. Abba bado anakohoa? Na Potol wako ameota jino? Mpake mafuta ya haradali kifuani, baridi isimwingie.

Bubu, ninarusha ndege. Mimi nakaa mbele, mkufunzi kiti cha nyuma, na jana hakugusa usukani tangu tunapaa mpaka tunatua. Alisema tu, "Unaendesha kama mtu anayefukuza kuku, lakini unaendesha." Karibuni tutaanza kuruka peke yetu. Wasichana tuko wawili tu, wa kwanza kuletwa hapa, na kambi nzima ya jeshi la anga inatutazama kama ndama wa vichwa viwili.

Limebaki jambo moja. Ofisa atakuja kijijini kuuliza kama kweli mimi ni mtu wa huko. Asiponithibitisha, siruhusiwi kuruka peke yangu. Mpe chai nzito, na mwambie Abba avae shati.

Mdogo wako,
Muri

Chilmari, 19 Januari

Muri wangu,

Waalaikum salaam. Abba anakohoa kidogo. Potol ana meno mawili na yote ananing'atia mimi. Silali. Ukiona mwandiko unapanda mlima, ni yeye anavuta kalamu.

Kaa kitako. Ofisa wako alifika kabla ya barua yako. Abba alikuwa ng'ambo ya mto kwenye karanga, mimi niko kisimani. Akasimama kwenye kibanda cha chai cha ami Moksed, akauliza nyumbani kwa Nilufa Meherun ni wapi.

Ami Moksed akawauliza wateja wake wote. Nilufa? Hakuna Nilufa hapa. Mmoja akasema labda ni mke wa fundi baiskeli. Mwingine akasema huyo alishafariki. Ofisa akayaandika, akamaliza chai yake, akaondoka.

Unaona mambo? Mama alishikwa na uchungu wako akiwa anakaanga bisi za mchele, basi kijiji kizima kikakuita Muri, bisi, mpaka leo. Jina lako la shule analijua mwalimu, naye kahamia Dhaka. Nilipomwambia ami Moksed, akashika kichwa. "Kumbe Muri ndiye Nilufa? Mbona hamkutuambia?"

Usilie. Wewe endelea kuruka. Hili niachie mimi.

Bubu

Jashore, 27 Januari

Bubu,

Salamu za haraka. Mkuu wa kambi ameniita. Ameambiwa kwetu sijulikani, na tena nilishakufa. Anadhani nimedanganya. Amenipa mpaka wiki ijayo. Kisipobadilika kitu, nifunge sanduku.

Wavulana wananiita Marehemu. "Marehemu, hebu pitisha dengu." Nacheka nao, kisha naenda bafuni nifungue bomba wasinisikie. Leo wawili wameruka peke yao. Nilisimama nyasini nikawaangalia mpaka shingo ikakakamaa.

Fanya jambo, Bubu.

Muri

Chilmari, 2 Februari

Muri,

Salaam. Abba amepona, Potol anaharisha kwa sababu ya meno, mimi kukaa sipati.

Nimefika Rangpur mjini, ofisini kwa yule ofisa. Abba alitaka aende yeye. Nikamkatalia, maana angesema "samahani bwana" kisha arudi. Nikambeba Potol, nikamchukua ami Moksed, aliyekukana ndiye akushuhudie. Njia nzima analalamika kwamba mkewe atawapa watu chai ya maji.

Mlinzi akasema mkubwa ana kazi. Nikakaa chini pale mlangoni, nikaanza kunyonyesha. Tukaitwa upesi.

"Mzee, si wewe uliyesema hakuna Nilufa?"

"Ndiye mimi."

"Sasa unamjua?"

"Nilufa simjui, bwana. Namjua Muri. Alichukua baiskeli yangu isiyo na breki, akapita sokoni katikati ya ng'ombe, akaja kuishia juu ya meza yangu ya chai. Kusimama hajui. Kutua anajua."

Mabega ya ofisa yakaanza kutikisika. Akamtazama mtoto. "Na huyu anaitwa nani?"

"Potol, kama ile mboga. Ni jina la nyumbani."

Akachungulia mlangoni. Kisha akasogea karibu, sauti chini. "Dada, usimwambie mtu. Na mimi kwetu ni Potol."

Akapiga simu Jashore sisi tunamsikia. Haya, panda.

Bubu

Jashore, 11 Februari

Bubu wangu, Abba, ami Moksed na wateja wake wote,

Salaam, mimi mzima kuliko siku zote. Nimeruka.

Tulitua asubuhi, mkufunzi akaniambia nisizime injini. Akafungua mikanda, akashuka, akanigongea bawa kama mtu anayeswaga ng'ombe malishoni. Kiti cha nyuma kitupu. Ndege ikawa nyepesi, ikaondoka ardhini kabla sijawa tayari, magurudumu yakaacha kugonga na kukawa kimya hivi. Nikaona mashamba ya haradali yote ya njano, nikaona hakuna anayepumua nyuma yangu. Nikaimba, Bubu. Nilisahau kuzima redio, mnara mzima wa kuongozea ndege ukanisikia.

Nikatua. Wamenimwagia ndoo za maji baridi, ndiyo desturi ya anayeruka peke yake mara ya kwanza, nami sikuhisi kitu.

Muri

Chilmari, 20 Februari

Muri,

Waalaikum salaam. Wote wazima, Potol amelala.

Barua yako imesomwa kibandani mpaka imelainika. Abba kila mara anataka asomewe tena pale magurudumu yanapoacha kugonga. Anainua mkono, wote wananyamaza.

Mimi nairudia sehemu nyingine, nikiwa peke yangu jikoni. Ile ya kiti kitupu. Tangu nimzae huyu sijawahi kugeuka nikakuta hakuna mtu. Ulipokuwa huko juu, ulitaka kushuka? Nijibu kweli, siyo ya kumsomea Abba.

Bubu