Gari Lako, Baba, na Wale Wajinga wa Rusimbi

Baba,

Shikamoo. Kama huko uliko hakuna kuitikia, mimi nimetimiza wajibu wangu, asije Mama akasema nimeanza barua bila adabu. Adabu yenyewe inaishia hapa. Nina hasira, na wa kumwambia ni wewe tu, kwa sababu Mama anasema tangu umeondoka nimezidi mdomo.

Nataka kukueleza walichokifanya rafiki zako kwa gari lako.

Unawajua kuliko mimi. Kijiwe kizima cha hapa Rusimbi, pale kwa fundi pancha, kuanzia Majaliwa, aliyejifanya mwenyekiti kabla udongo wa kaburi lako haujakauka, mpaka Fundi Kassim, anayenyoosha bodi za magari na kuamini kwamba hapa duniani hakuna kilichopinda kisichosikia nyundo. Wanaume wazima, wenye wajukuu. Wengi wao hawajawahi kumiliki hata baiskeli yenye breki, lakini wakianza kuzungumzia injini utadhani Mjapani hawezi kukaza nati mpaka awapigie simu.

Unakumbuka ile habari iliyokuwa imewashika kabla hujafa. Ile saluni ya milango minne, aina ya gari lako, iliyobeba nusu ya familia za mji huu kwenda harusini, hospitalini na makaburini, inaundwa upya. Ya zamani mliiita Bi Mkubwa. Hii mpya mkaipa jina la Bi Mdogo kabla hamjaiona, mkaanza kuisubiri kama watu waliokwishalipa mahari. Ulikufa haijaonekana. Presha ilikuangusha ukiwa umeinama kwenye boneti, na hata msibani kwako, Mungu anisamehe, nilimsikia mtu nyuma ya pazia akiuliza kwa sauti ya chini kama taa za nyuma zimeshajulikana.

Na hayo yote wakati gani? Wakati mji umejaa watu. Warundi waliokimbia kwao wanashuka kwenye maboti, familia nzima na godoro moja, mama ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na uwanja wa mpira umegeuka mahali pa kulala. Magari meupe ya mashirika yanapita mbele ya kijiwe kutwa, yanawatimulia vumbi machoni. Wao wanapangusa macho na kuendelea. Majaliwa na Kassim walinuniana kwa ajili ya buti, kama litakuwa na mdomo au litakatwa. Buti la gari ambalo, likibahatika kufika Kigoma, litafika Mjapani ameshalichoka, na Majaliwa amebaki na meno ya mbele tu ya kunywea uji.

Wewe angalau mtu akija mbio kutoka ziwani ulikuwa unakatiza ubishi na kuwasha gari. Hilo nakupa.

Sasa sikiliza. Unaijua desturi ya mtaa wetu: waliochimba kaburi na kubeba jeneza, wakiomba kitu kwenye nyumba ya msiba kabla ya arobaini kuisha, hawanyimwi. Siku zote watu huomba mbuzi, au sinia la pilau waende kulila kijiweni kwao, wacheke kidogo na kumkumbuka mtu wao. Hakuna aliyewahi kuomba zaidi ya hapo. Basi kwenye hitima yako, dua imeisha, watu hawajanawa mikono, Majaliwa akasimama na kanzu yake ile yenye doa la mawese. Akasema wao wachimbaji hawataki mbuzi. Wanaomba gari la Mzee Bilali walirembeshe, walipe sura ya Bi Mdogo, liwe la kwanza Tanzania nzima, iwe kumbukumbu ya rafiki yao. Kisha akaongeza, kama mtu anayeongeza chumvi, "Na likishakamilika nitaliendesha mimi kwa niaba ya familia. Tatu ni mtoto wa kike, mvua ikinyesha hawezi kupandisha mlima wa Kalinzi."

Mimi, Baba. Mimi niliyepandisha Kalinzi na magunia ya kahawa ya watu huku wewe umelala kiti cha abiria umefungua mdomo.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ndani ya eda, amejifunika mpaka puani, na nikamwona akitikisa kichwa kukubali. Angefanyaje? Watu wale walikushusha kaburini kwa mikono yao. Angewakatalia mbele ya mtaa mzima? Wakachukua ufunguo. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, si kwa ajili yako siku hiyo, kwa ajili ya gari. Lile gari ndilo lililokuwa linatulisha, na ndilo nililokuwa nimeshajua nitaliendesha. Sikuwa na mpango mwingine wa maisha.

Kuhusu hiyo sura ya Bi Mdogo. Mtoto wa dada yake Majaliwa, aliyeko Dar, aliwatumia picha kwenye simu. Gari liko barabarani huko ughaibuni, limejaa michoro kutoka pua mpaka mkia, nyeusi na nyeupe, imejipinda na kuviringana mpaka ukiitazama sana unasikia kizunguzungu. Chini ya picha hakukuwa na maneno ya kueleweka. Kijiwe hakikuhitaji maneno. Walivuta ile picha kwa vidole, wakaitazama juani na kivulini, wakatoa hukumu: hiyo ndiyo rangi ya toleo jipya. Majaliwa akasema Wajapani wamechoka na weupe. Kassim akasema ni michoro ya kupunguza upepo. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni familia gani ingenunua gari linalofanana na kitenge cha mlevi.

Wakaingia kazini. Nilikuwa napita pale kila nikienda sokoni, na kila nikipita moyo unaruka. Bampa lako la mbele waliling'oa. Kassim akatengeneza jingine kwa bati, limechomoza kama taya la mtu aliyenuna. Taa waliziziba nusu ziwe nyembamba. Kisha wakashika brashi, wanaume watano, kila mmoja na upande wake, kila mmoja na mkono wake, na mlango wa kushoto haukubaliani na wa kulia mpaka leo. Paa, ambalo ulikuwa unaligonga kwa kiganja kabla ya kuwasha, walilichora kitu wanachodai ni wimbi. Walipomaliza wakalipiga picha na kuituma kwenye kundi lao la simu, wakajipongeza siku nzima.

Siku chache baadaye gari la kweli likatoka. Picha zilifika asubuhi, safi, za kampuni yenyewe. Nilikuwa nimekwenda kwa fundi pancha kuuliza ufunguo wetu utarudi lini, kwa hiyo niliona nyuso zao. Bi Mdogo ni mweupe, Baba. Mweupe kama maziwa, hana mchoro hata mmoja. Na zaidi ya taa kidogo na pua kidogo, ni Bi Mkubwa yule yule. Ungeliweka gari lako, lilivyokuwa zamani, pembeni yake, watu wangedhani ni mapacha. Halafu yule kijana wa Dar akatuma sauti, huku anacheka mpaka anakohoa. Alieleza kwamba kampuni wakitaka kulijaribu gari jipya barabarani hulifunika kwa michoro ile makusudi, ili macho ya watu yachanganyikiwe na wapinzani wasijue umbo lake. Sauti iliishia hivi: "Anko, mmepaka vazi la kujificha!"

Fundi pancha peke yake aliendelea kujaza upepo. Majaliwa alitoka kwenye kundi la simu pale pale, mbele ya macho yangu, kwa kidole chake mwenyewe.

Nilifurahi, sikufichi. Nilirudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Lakini sasa kuna jambo linaloniuma. Jioni Kassim alilileta gari, akaliegesha mbele ya mlango, akamkabidhi Mama ufunguo kwa mikono miwili bila kumtazama. Akasema, "Majaliwa amesema mwacheni Tatu aliendeshe kwa sasa, mpaka tupate rangi." Maana yake hakuna mwanaume pale kijiweni aliyekuwa tayari kuonekana ndani yake. Alipoondoka, Mama alichungulia kwa mlango. Alilitazama lile taya la bati. Alizitazama zile taa zenye usingizi. Akacheka. Mama, ambaye tangu ulipokufa anasonga ugali wa muhogo wa watu watatu na kusahau kuula, alicheka mpaka akashika kizingiti, kisha akalia, kisha akacheka tena, akasema, "Bilali angekuwepo brashi angeishika yeye wa kwanza."

Nilitaka kubisha. Lakini ni kweli. Nimekaa miezi hii nikiwadharau wale watu na wewe nimekuweka upande wangu, juu yao, ukitikisa kichwa pamoja nami. Kumbe ulikuwa pale pale benchi moja nao, na ubishi wa buti pengine uliuanzisha wewe. Unakumbuka ulinifundisha kuendesha barabara ya uwanja wa ndege, ukanambia, "Klachi siyo nyoka, Tatu, usiikanyage kama unaiua," na dakika ile ile nikakaribia kumgonga mbuzi kwa sababu ulikuwa umegeuka kutazama saluni ya mtu inayopita? Ulikuwa mjinga wao, Baba. Na nakukosa, ujinga wako wote nakukosa. Nikipita pale kwa fundi pancha na kukuta kiti chako kimekaliwa na mtu mwingine natamani kukipiga teke.

Siku iliyofuata nilikwenda ufukweni Kibirizi kungoja boti la kutoka Mwamgongo. Madereva wa bajaji waliniona wakapiga magoti chini kwa kicheko. Mmoja akauliza kama ni punda milia amezaa na sanduku. Nikashika usukani. Boti likaja, wanawake wakashuka na ndoo zao za samaki wa migebuka na madumu ya mawese, wakalitazama gari, wakatazamana, kisha wakapanda. Mizigo yao ni mizito na jua ni kali, wana kazi gani na rangi? Mchana nilimpeleka hospitali Mama Nyandwi, yule Mrundi wa nyumba ya nyuma, aliyekuja zamani na sasa amejaza ndugu zake waliotoka juzi ng'ambo. Alilizunguka gari polepole, akapapasa mlango kwa kiganja. Akasema kwa lugha yake, "Uyu ni umuduga wa so." Hili ni gari la baba yako. Akaingia akakaa mbele, akafunga mkanda, nasi tukaenda.

Tangu hapo sijakaa bila abiria. Ukiwa na gari baya kuliko yote mji mzima, watu hawakusahau. Wananipigia simu wanasema, tunataka lile la michoro, na yule binti. Mama amerudi kula. Jikoni kuna mafuta na samaki, na mimi nanuka petroli kama ulivyokuwa unanuka wewe.

Ndipo juzi Majaliwa akaja, na Kassim nyuma yake, na kopo la rangi nyeupe. Alikaa kwenye mkeka wetu, akanywa kahawa yetu, akasafisha koo. "Tatu, mwanangu, sasa tuirudishie heshima gari ya mzee. Bampa lake tunalo. Ikishakuwa nyeupe mimi nitaisimamia, wewe umeteseka vya kutosha, pumzika."

Umeona? Gari likiwa baya ni la Tatu. Likiwa zuri ni la mzee, na mzee sasa ni Majaliwa. Hakuona haya hata kidogo. Nadhani aliamini kabisa kwamba ananihurumia. Arobaini imeshapita, desturi haimlindi tena, na Mama hakutikisa kichwa kukubali safari hii, alinitazama mimi. Nikamjazia Majaliwa kikombe. Nikamshukuru, kwa sababu alikuchimbia kaburi na hilo sitalisahau. Kisha nikamwambia rangi yake akapake choo cha kijiwe, kinahitaji heshima kuliko gari letu.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya mapato kubadilisha rangi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Yule bwana wa dirishani alitoka nje kulitazama, akarudi, akakaa akitafuta neno la kuandika. Mwishowe akaandika nyeusi na nyeupe, akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao.

Kwaheri, Baba. Kawasalimie waliokutangulia, na kama wana benchi lao la kubishania magari, wabishie. Mimi nakuahidi jambo moja. Gari lako halitapakwa tena. Litabaki baya, baya kiasi kwamba hakuna mwanaume wa Rusimbi atakayetaka ufunguo wake, na mimi nitaliendesha.

Mwanao,
Tatu