Kijiti cha Mama Mkwe

Namawala

Mjukuu wangu, mume wangu Deusi,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku wazima, mama yako amemaliza kupalilia, na goti langu linalalamika kama kawaida yake.

Unauliza kwa nini kila Jumatatu unapanga kusoma masaa sita kwa siku, na Jumatano umeshaacha.

Mwaka nilioolewa, miaka ile ya hamsini, mama mkwe alichomeka kijiti shambani. "Lima mpaka hapa, kisha rudi nyumbani." Alipoondoka nikakisogeza mbele sana, ili anione mchapakazi. Siku ya tatu viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Nikakaa ndani juma zima, na mawingu ya kupandia mpunga yanajikusanya milimani.

Hakunigombeza. Alinirudisha shambani, akachomeka kijiti hatua chache tu mbele yangu.

"Mama, hapa si namaliza kabla umande haujakauka?"

"Ndiyo," akasema. "Na kesho utakuja."

Nilikwenda kesho yake, na kesho yake tena. Mvua ilinikuta nina mbegu mkononi.

Visalimie vitabu vyako, ila vichache kwa siku.

Mkeo mzee,
Bibi Oliva